Daftari la Bi Clephen

Mwezi Machi 1744 baraza la mji wa Edinburgh, huko Uskoti, lilikubali ombi la waungwana waliozoea kucheza gofu katika uwanda wa Leith, bandari iliyo jirani na mji huo. Walikuwa wamecheza kwa miaka mingi, wawili wawili, wakiwekeana dau na kumalizia mezani kwa chakula na mvinyo. Sasa walitaka kitu cha kushindania mbele ya watu. Baraza likawapa fimbo ya gofu iliyofuliwa kwa fedha, na pamoja na fimbo likawapa masharti. Mcheza gofu yeyote kutoka Britania au Ireland angeruhusiwa kushindana, awe mtu wa ukoo mkubwa au la, ilimradi aandike jina lake katika daftari kabla ya siku yenyewe na alipe shilingi tano. Daftari liliwekwa Leith, nyumbani kwa Bi Clephen, aliyekuwa akiendesha kilabu cha pombe ambako wachezaji walipenda kukutana.

Fimbo ya fedha imesimuliwa sana katika vitabu vya gofu. Mimi navutiwa zaidi na daftari. Fimbo ilikuwa moja na mshindi alikuwa mmoja, lakini daftari lilikuwa la wote, wakiwemo wale waliojua fika, hata kabla wino haujakauka, kwamba hawatashinda. Hao ndio wengi, tangu mwaka ule hadi Jumamosi hii. Ukiingia leo katika klabu ya gofu, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utakuta karatasi ubaoni au orodha kwenye simu, imejaa majina ya wahasibu, wanajeshi, wakulima, walimu wastaafu. Wangeweza kucheza siku hiyo hiyo, katika kiwanja hicho hicho, na rafiki zao wa kila siku, pasipo kadi wala hesabu. Badala yake wanalipa ada ili kila kosa lao liandikwe. Kinachowavuta kimejificha katika historia ya mashindano yenyewe, na jambo la kushangaza ni kwamba karibu kila hatua ya historia hiyo ina daktari ndani yake.

Daktari wa kwanza ni John Rattray, mpasuaji wa Edinburgh, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 36.

Kabla hajapiga mpira wake wa kwanza, Rattray na wenzake walikabiliwa na tatizo. Hawakuwa na sheria zilizoandikwa. Ukicheza na jirani yako, mpira ukipotea kwenye majani mnaamua papo hapo, na kesho yeye naye atakuonea huruma. Lakini tangazo la baraza lilikuwa limefungua mlango kwa mgeni kutoka kokote, na mgeni hana deni la huruma kwako. Basi wakaketi wakaandika sheria 13. Ni fupi kiasi cha kuenea ukurasa mmoja au miwili. Mpira uliozuiwa na mtu, farasi au mbwa uchezwe pale ulipoangukia. Mpira ukipotea, rudi ulikopigia, angusha mwingine, na mpinzani wako apewe faida ya pigo moja. Sheria ya mwisho inataja mashimo ya wanafunzi na mistari ya wanajeshi, na kwa hiyo tunajua kwamba uwanda ule haukuwa wa wacheza gofu peke yao. Vijana wa shule na askari nao walikuwa na shughuli zao humo humo.

Hizo ndizo sheria za gofu za kale kuliko zote zinazojulikana duniani, na zilizaliwa na shindano la klabu. Waungwana wale walikuwa wamecheza maisha yao yote wakipatana kwa mdomo. Siku walipotaka kupimana kweli kweli, ilibidi kwanza wakubaliane kuhusu kipimo.

Kiwanja cha Leith kilikuwa na mashimo matano tu, kila moja likiwa umbali wa mita zipatazo 400 kutoka lililotangulia. Wachezaji walipangwa kwa kura, na mshindi angekuwa yule atakayeshinda mashimo mengi kuliko wenzake. Zawadi yake ilikuwa na mambo ya ajabu kidogo. Angechukua zile shilingi tano tano za walioingia. Angeitwa nahodha wa gofu, na kwa mwaka mzima ugomvi wowote wa mchezo ungeletwa kwake kuamuliwa. Lakini fimbo ya fedha hakuruhusiwa kuimiliki. Ilikuwa mali ya mji. Tena yeye ndiye aliyetakiwa kuiongezea kitu, kipande cha dhahabu au cha fedha cha kuning'inizwa kwenye fimbo hiyo kama kumbukumbu ya mwaka wake. Mshindi alikuwa anatoa ili akumbukwe.

Wageni kutoka mbali hawakutokea. Mwanzoni mwa Aprili walicheza wenyeji wachache, wanaofahamiana, na Rattray akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena.

Kisha vita vikaja. Mnamo 1745 Charles Stuart, mwana wa ukoo wa kifalme uliokuwa umepinduliwa, alitua Uskoti akaanza kukusanya jeshi la kurudisha taji kwa baba yake. Baada ya mapigano ya Prestonpans, mwezi Septemba, Rattray aliitwa kuwatibu majeruhi. Kutoka hapo aliondoka na jeshi la waasi kama daktari, akafuatana nalo hadi Derby ndani ya Uingereza na kurudi nalo kaskazini, hadi Culloden, ambako tarehe 16 Aprili 1746 lilisambaratishwa. Rattray alikamatwa. Wengi waliokamatwa naye waliishia kwenye kitanzi au kupelekwa utumwani ng'ambo. Yeye aliokolewa na Duncan Forbes, jaji mkuu wa Uskoti aliyekuwa upande wa serikali, ambaye naye alikuwa mcheza gofu wa Leith. Alishikwa tena, akapelekwa London, na mwaka 1747 akaachiwa huru.

Mwaka 1751 Rattray alishinda fimbo ya fedha kwa mara ya tatu. Alikuwa amepita gerezani, ameapa utii kwa mfalme aliyempiga vita, na amerudi kuishi katika mji ambamo kila mtu alijua alikosimama. Sijui zawadi gani nyingine katika mji huo ingeweza kumrudishia mtu heshima kwa namna ile. Watu waliosimama pande mbili za vita walikubali sheria zile zile, wakapiga mipira katika uwanda ule ule, na mwisho wa siku hapakuwa na la kubishania: Rattray ndiye aliyekuwa bora. Sanamu yake ilisimamishwa Leith mwaka 2019, miaka 275 baada ya ushindi wake wa kwanza.

Desturi ya Leith ilinakiliwa upesi. Mwaka 1754 waungwana 22 wa St Andrews, mji wa pwani ulio kaskazini zaidi, walichanga wakanunua fimbo yao ya fedha na kuziazima sheria 13 karibu neno kwa neno. Walakini wao walibadilisha jambo moja lililogeuza gofu yote. Mwaka 1759 waliamua kwamba fimbo ichukuliwe na yule atakayezunguka kiwanja kwa mikwaju michache kuliko wote.

Hilo linaonekana dogo. Hapo awali ulishindana na mtu aliye mbele ya macho yako, na shimo likishakushinda limekwisha, mnaanza jingine. Sasa unashindana na watu walio nusu saa mbele yako na nusu saa nyuma yako, usiowaona, na kila pigo linabebwa hadi mwisho. Kosa la shimo la pili litakusubiri kwenye shimo la mwisho. Ndipo kadi ilipozaliwa, na pamoja na kadi ikazaliwa hofu ya kadi. Mwaka 1764 William St Clair alimaliza mashimo 22 ya St Andrews kwa mikwaju 121, na wenzake, wakiona kiwanja kimekuwa chepesi mno, wakaunganisha mashimo manne ya mwanzo kuwa mawili. Kwa kuwa mashimo hayo yalichezwa kwenda na kurudi, raundi ikashuka kutoka 22 hadi 18. Idadi hiyo ndiyo inayochezwa leo duniani kote.

Katika miaka hiyo hiyo mlango ulibanwa. Leith na St Andrews zote ziliacha kumpokea kila ajaye na shilingi tano. Shindano likawa la wanachama, na wanachama walichaguliwa na wanachama. Daftari la Bi Clephen likafungwa. Kwa mwanahistoria wa michezo hapa pana huzuni, kwa sababu gofu ya Uskoti haikuwa mchezo wa mabwana peke yao. Huko Musselburgh, karibu na Edinburgh, wake wa wavuvi wa kitongoji cha Fisherrow walijulikana kwa kucheza gofu siku za mapumziko. Hawa ni wanawake waliobeba samaki mgongoni kwa matenga hadi sokoni mjini, kilomita nyingi kwa miguu. Desemba 1810 klabu ya Musselburgh iliandika katika kumbukumbu zake uamuzi wa kuwashindanisha mwezi uliofuata: atakayeshinda apate tenga jipya la samaki na shali, na vitambaa vya hariri viongezwe katika zawadi hizo. Hilo ndilo shindano la gofu la wanawake la kwanza linalotajwa katika maandishi. Klabu iliwapa zawadi lakini haikuwapa uanachama.

Waliobaki ndani nao walikuwa na tatizo lao. Ukiwa na wanachama 50 na watatu wao ni hodari, daima mmoja wa hao watatu atashinda. Wengine 47 wataandika majina mwaka wa kwanza, wa pili, na kuanzia wa tatu watakaa mezani kusubiri chakula. Tatizo hili lilikuwa la zamani kuliko klabu zenyewe. Mwaka 1687 Thomas Kincaid, mwanafunzi wa udaktari wa Edinburgh, aliandika katika shajara yake mawazo juu ya kucheza gofu, na humo alijiuliza namna bora ya kumpa mchezaji dhaifu nafuu ili mchezo uwe wa haki. Huyo ni daktari wa pili, ingawa kwa miaka ndiye wa kwanza. Nafuu hiyo ndiyo tunayoiita handikapu.

Kwa zaidi ya karne mbili handikapu ilibaki mapatano ya watu wawili, au neno la katibu wa klabu. Mtu aliyepewa mikwaju 10 katika klabu yake angepewa mitano katika klabu ya jirani, kwa kuwa kila klabu ilipima kwa rula yake. Waliotengeneza rula moja walikuwa wanawake.

Mwaka 1893 klabu za wanawake nchini Uingereza ziliunda umoja wao, zikisaidiwa na Laidlaw Purves, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Edinburgh aliyefanya kazi London. Huyo wa tatu. Horace Hutchinson, bingwa wa ridhaa wa 1886 na 1887, alikuwa amewaandikia wanawake hao kuwakatisha tamaa, akitabiri kwamba watagombana na mambo yatavunjika. Hawakugombana. Waliandaa ubingwa mwaka huo huo, na fainali iliwakutanisha Lady Margaret Scott na Issette Pearson. Scott alishinda. Mwaka 1894 wakakutana tena fainali, Scott akashinda tena. Alishinda na 1895, kisha akaacha mashindano.

Pearson, aliyeshindwa mara mbili mbele ya umati, ndiye aliyekuwa katibu wa umoja, na ndiye aliyejenga mfumo wa handikapu. Kila kiwanja kilipangiwa idadi ya mikwaju inayomstahili mchezaji wa daraja la kwanza. Kadi za mwanachama zililinganishwa na idadi hiyo, na handikapu aliyopewa ilitambuliwa na klabu nyingine zote za umoja. Mama wa nyumba kutoka kijiji cha pwani angeweza kupanda treni, kufika klabu asiyoijua, na kuandika jina lake kwa namba inayoaminika. Wanaume wa Uingereza walichukua miongo mitatu zaidi kufika hapo. Naona ni haki kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyejua ladha ya kuwa wa pili.

Handikapu ilifanya zaidi ya kusawazisha. Ilimpa mchezaji dhaifu mpinzani mpya, na mpinzani huyo ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mtu mwenye handikapu 24 akirudi na 23, amemshinda mtu anayemfahamu kuliko wote. Na ushindi huo haukubaliki kwa neno lake, kwa sababu katika mashindano ya kuhesabu mikwaju kadi yako inaandikwa na mwenzako. Wewe unaweka sahihi, na yeye anaweka sahihi. Anayependa kujidanganya hana nafasi hapo, na nadhani hili ni muhimu kuliko vikombe vyote. Tukicheza na rafiki tunasameheana. Mpira uliobaki hatua mbili kutoka shimoni tunauokota tukisema ungeingia. Mwisho wa siku tunakumbuka raundi nzuri ambayo haikutokea.

Zaidi ya hapo, watu walitafuta hata mpinzani asiyekuwepo. Katika miaka ya 1890 na 1891 katibu wa klabu ya Coventry, Hugh Rotherham, alipanga idadi ya mikwaju kwa kila shimo na kuwashindanisha wanachama na idadi hizo, shimo kwa shimo. Great Yarmouth wazo hilo lilipokewa na katibu wao, Thomas Browne, daktari wa jeshi la majini, na huko ndiko mpinzani huyo asiyeonekana alipobandikwa jina la zimwi lililokuwa likiimbwa katika kumbi za muziki wakati huo, Bogey. Waswahili tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na ndivyo ilivyokuwa: zimwi la Coventry halikukosea kamwe, lakini ukilemewa nalo kwenye shimo moja unapoteza shimo hilo moja tu.

Aliyeliona hilo vizuri zaidi ni daktari wa tano.

Frank Stableford alikuwa mpasuaji. Mwaka 1898, akiwa kijana wa miaka 28, alifanya jaribio katika klabu ya Glamorganshire, iliyoko Penarth, kusini mwa Wales: badala ya kujumlisha mikwaju, wachezaji wapewe pointi kwa kila shimo kulingana na idadi iliyopangwa. Watu walicheza siku moja, wakaenda zao. Jaribio lile likasahaulika.

Miaka 33 baadaye Stableford alikuwa mwanachama wa klabu ya Wallasey, upande wa pili wa mto Mersey ukitokea Liverpool. Kiwanja chake kimelala kwenye vilima vya mchanga, na upepo wa bahari ya Ireland unakipiga bila kizuizi. Kuna mashimo ambayo mtu wa kawaida, upepo ukimkabili, hawezi kufika kwenye grini kwa mikwaju miwili hata akipiga kwa nguvu zake zote. Wanachama wa Wallasey walikuwa wakiandika majina yao, wakifika shimo la pili au la tatu, mpira ukipeperushwa mara mbili vichakani, wakiandika 9 au 10, na papo hapo wanachana kadi. Kitu cha kushindania kimekwisha na raundi ndiyo kwanza imeanza. Stableford mwenyewe, aliyekuwa mchezaji mzuri sana ujanani, sasa alikuwa na miaka 61, na umri ulikuwa umemwongezea handikapu. Alijua maumivu yale kwa mwili wake.

Akarudia hesabu yake ya zamani na kuirekebisha. Chukua shimo la par 4, yaani lililopangiwa mikwaju minne, na mchezaji mwenye handikapu 18, yaani mwenye nafuu ya pigo moja kwa kila shimo. Akimaliza kwa 5, ukitoa nafuu yake amepata 4, anapewa pointi 2. Akimaliza kwa 6 anapata pointi 1. Akimaliza kwa 4 anapata 3. Na akifika 7 hapati kitu, basi auokote mpira wake na kwenda shimo linalofuata. Hata angepiga 12, hasara ni ile ile: sifuri. Katika hesabu ya mikwaju, shimo moja la 12 linameza mashimo matano mazuri. Kwa hesabu ya Stableford limejimeza lenyewe. Anayecheza sawasawa na handikapu yake hukusanya pointi 36, na asubuhi iliyoharibika kwenye shimo la pili bado inaweza kuzaa pointi 35 jioni.

Shindano la kwanza kwa mtindo huo lilichezwa Wallasey tarehe 16 Mei 1932. Safari hii halikusahauliwa. Lilienea Uingereza yote, kisha likafuata meli na reli hadi kila mahali penye gofu.

Katika jengo la klabu ya Wallasey kuna picha ya Bobby Jones, Mmarekani, iliyochorwa kwa maagizo ya Stableford. Mwaka 1930 Jones alicheza hapo moja ya raundi za kufuzu kabla ya mashindano ya wazi ya Uingereza yaliyofanyika Hoylake, ambayo aliyashinda. Mwaka huo alishinda mataji yote manne makubwa ya wakati huo, na hakuwahi kuchukua senti ya ushindi, kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa. Kisha, akiwa na miaka 28, akastaafu mashindano. Mzigo wa kushindana ulikuwa umemchosha. Huwa nawafikiria pamoja, Jones na wanachama wale wa Wallasey wachana kadi. Mmoja alikuwa ameshinda hadi hakubakiwa na la kutafuta. Wale wengine, wasioshinda chochote, daktari wao alikuwa akihangaika kuwatafutia sababu ya kumaliza raundi.

Afrika Mashariki gofu ilikuja na ukoloni. Entebbe ilikuwa na kiwanja tangu 1901, klabu ya Nairobi ilianzishwa 1906, ya Mombasa 1911. Orodha za mashindano zilibandikwa ukutani kama kule Uskoti, lakini Mwafrika aliingia kiwanjani akiwa kedi, na mkoba wa mtu mwingine begani. Baada ya uhuru milango ilifunguka, na wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walioonekana baadaye walijifunza mchezo huo kwa kutazama, kwa kuazima fimbo, na kwa kupiga mipira iliyookotwa jioni wakati wenyewe wamekwenda nyumbani.

Leo kurasa za michezo za Tanzania zinatoa matokeo ya gofu kwa lugha ambayo Pearson na Stableford wangeielewa: mikwaju ya jumla, mikwaju ya neti baada ya kutoa handikapu, pointi, daraja A, B na C. Lugalo, klabu ya Jeshi la Wananchi jijini Dar es Salaam, wanajeshi na raia wanaandikwa katika orodha moja, na kadi haina mahali pa kuandika cheo. Uganda, watu wa Jinja husimulia kanuni ya kiwanja chao iliyomruhusu mchezaji kuuondoa bila adhabu mpira ulioanguka kwenye unyayo wa kiboko, na ukiisikia unazikumbuka zile sheria za Leith zenye farasi na mbwa. Kila kiwanja kilitakiwa kukubaliana na wanyama wake kabla watu hawajashindana.

Siku hizi hata sababu ya kuingia mashindano ili kupata handikapu imepungua nguvu. Tangu 2020 dunia ina mfumo mmoja, unaochukua raundi zako 20 za mwisho na kukokotoa wastani wa zile 8 bora, na katika nchi nyingi unaweza kupeleka kadi ya mchezo wa kawaida, mradi umecheza na shahidi. Fedha nayo haielezi kitu. Kanuni za ridhaa zilizoanza 2022 zinamruhusu mchezaji kupokea zawadi ya hadi pauni 700, lakini fedha taslimu ni kwa mashindano ya mikwaju ya jumla tu. Anayeshinda kwa handikapu hawezi kupewa hata noti moja. Na bado orodha zinajaa. Kinachobaki ni kile kilichokuwa kwa Bi Clephen: jina lako kati ya majina, siku moja, upepo mmoja, sheria zile zile, na mtu mwingine ameshika kalamu.

Huko St Andrews fimbo ya fedha inashindaniwa hadi leo, kwa namna yake. Tangu karne ya 19 nahodha huchaguliwa kwanza, halafu asubuhi moja ya Septemba anapiga mpira mmoja kutoka mwanzo wa shimo la kwanza, mzinga unalia, na kwa pigo hilo anahesabiwa kuwa ameshinda shindano ambalo mshiriki ni yeye peke yake. Makedi wamesimama kiwanjani wakiusubiri mpira huo. Wanaukimbilia, wanaugombania, na anayeupata anaurudisha kwa nahodha na kupewa sarafu ya dhahabu.

Ni desturi nzuri kuitazama. Lakini makedi wa Nairobi, Arusha na Kampala wanajua kupiga mpira, tena wengi wao kuliko mabwana wanaowabebea. Baadhi ya klabu zetu huwatengea siku yao ya kushindana, nyingine hazina siku hiyo kabisa. Nahodha unayesoma haya, kama klabu yako ni miongoni mwa hizo za pili, bandika karatasi kwenye kibanda chao wiki hii, na kalamu iwe pembeni yake.